Ngome ya Fidelis

Simu mpya ilikuwa inataka namba za uthibitisho, na namba hizo zilikuwa zimekwenda kwa Ahmadi.

Fidelis alisimama mbele ya kibanda cha fundi simu huyo, mtaani Mwembesongo, suruali yake ikiwa bado na udongo wa mlimani. Simu yake ya zamani ilizama mtoni alipokuwa akiosha karoti. Alinunua nyingine, akapakua upya mchezo wake wa mtandaoni, ule wa kujenga ngome na kupigana na watu wa mbali, akaambiwa athibitishe kwanza kuwa ni yeye. Namba zimetumwa kwenye barua pepe yake. Fidelis hakujua kama ana barua pepe.

"Unayo," Ahmadi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua. "Nilikufungulia mimi siku uliponunua simu ya kwanza. Hapa kila mteja namfungulia. Jina langu, paswedi yangu. Ninyi mnasahau sana."

"Basi nipe hizo namba."

"Tulia kwanza."

Ahmadi alichukua simu yake mwenyewe, akaufungua mchezo kwa imeili ile, kisha akaigeuza Fidelis aone. Ngome ilikuwa imefunguka humo: minara, lango la shaba, safu mbili za miti.

"Kumbe wewe tajiri, kaka! Kuna jamaa wa Dar anatafuta akaunti kama hii. Anachukua leo leo."

"Hiyo ni yangu, Ahmadi."

"Imeili ya nani?" Ahmadi alicheka.

Fidelis hakuwa mtu wa maneno mengi. Kule Towelo, mlimani, alilima karoti na njegere kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, Judith, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamume aliyeoa analima tu. Shamba jingine, la bondeni, waliazima kwa ukoo wa jirani. Kila mavuno alipeleka ngoto, mazao kidogo ya kuonyesha kwamba anajua shamba lina wenyewe. Karoti aliruhusiwa. Mti wa kudumu hapana, kwa sababu anayepanda mti ni kama anasema hapa ni kwangu. Mwaka mmoja alijaribu kuchomeka mche wa parachichi ukingoni. Wenye shamba waliung'oa, wakaulaza mlangoni kwake, wakaondoka bila kubisha hodi.

Mchezo ulikuwa wa bure. Minara iliuzwa, na miti pia, naye alinunua kidogo kidogo kila aliposhusha mzigo sokoni. Judith alipolalamika kwamba anamwaga hela kwenye picha, alimjibu, "Angalau hiki kimoja ni changu."

Sasa kilikuwa mkononi mwa Ahmadi.

Fidelis alisogea dirisha la pili, kwa Shakila, wakala wa pesa za simu. "Dada, wewe ndiye uliyenisaidia kulipia. Mwambie huyu."

"Kulipa ulilipa, hilo nashuhudia." Shakila aliichukua simu mpya, akatafuta masharti ya mchezo, akasoma kwa sauti: "'Vitu unavyonunua hubaki kuwa mali ya kampuni. Unapewa ruhusa ya kuvitumia. Ni marufuku kuuza akaunti. Akaunti yenye mgogoro itafungwa kabisa.'" Akashusha kidole kwenye kioo. "Hapa chini kuna pa kutoa taarifa."

"Mali ya kampuni? Hata nilivyolipia?"

"Hata hivyo."

"Kumbe nilikuwa natoa ngoto," Fidelis alisema polepole.

Aliichukua simu, akaweka kidole gumba juu ya neno *Tuma*, bila kubonyeza. Ahmadi aliacha kucheka.

"Wee, Fidelis. Ukituma hiyo tunakosa wote."

"Nitakosa mimi. Wewe hukuwa na kitu."

"Tugawane basi! Mimi nataka nusu tu, mzee baba."

Kwenye benchi la wateja, Mama Anastasia, muuza mboga aliyekuja kubadilishiwa tundu la chaji, alijikohoza.

"Ahmadi, mwanangu. Na yangu je? Picha za harusi ya binti yangu zimo humo. Zipo kwa nani?"

"Zipo salama, mama."

"Sijakuuliza kama zipo salama."

Bodaboda aliyekuwa akisubiri kioo cha simu yake naye akasimama. "Na mimi umenifungulia kwa jina lako? Meseji zangu unasoma?"

Simu ya Ahmadi ikaanza kuita. Fidelis aliona kwenye kioo: *Jamaa Dar*. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Watu wawili wengine walikuwa wamesogea kutoka duka la jirani. Ahmadi aliwatazama mmoja mmoja, wateja wake wote hao, kisha akaikata simu.

"Lete hiyo simu," alisema. "Shakila, mfungulie imeili yake mwenyewe. Nahamisha sasa hivi."

Alihamisha akiwa amekunja uso. Ilipofika zamu ya paswedi, Fidelis alitaka kumwachia Shakila aandike, ndipo Mama Anastasia akamfokea kutoka kwenye benchi: "Andika mwenyewe!" Akaandika, herufi moja moja, akiwa amewapa mgongo wote.

Ngome ikafunguka. Kabla hajafika langoni, tangazo likajaa kioo kizima: *Mnara mpya, nusu bei, leo tu!*

"Shakila," aliita. "Hiyo ruhusa waliyosema, ni ya muda gani?"

Shakila alisoma tena juu mpaka chini. "Hawakuandika."

"Na wenyewe mtu akiwataka, wanakaa wapi?"

"Hilo nalo hawakuandika."

Ahmadi alikuwa tayari ameishika simu ya Mama Anastasia, ahamishe na yake. Fidelis alilifunga tangazo. Likarudi. Akalifunga tena.