Mapafu ni ya Nani?

Privatus Rwehumbiza alivuta sigara miaka thelathini na moja. Kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti pale Buhongwa, watu walimjua kwa mambo mawili: mageti yasiyopinda, na kikohozi.

Mkewe, Prudencia, ndiye aliyemsukuma aingie kwenye utafiti. Walitafutwa watu wanaoacha sigara. Baadhi waliacha moja kwa moja. Wengine, Privatus akiwamo, walikuwa wamehamia sigara ya umeme, ile ya kuvuta mvuke wenye ladha ya embe. Watafiti walitaka kujua kinga ya mapafu yao inakuwaje. Mara tatu walimpitishia mpira mwembamba puani hadi kwenye mapafu, wakamwagia maji kidogo humo, wakayanyonya. Siku hizo alirudi nyumbani koo linawaka, hata uji haupiti. Alivumilia kwa sababu ya ahadi: "Tukimaliza, tutakueleza tulichokiona."

Kipimo cha mwisho kilikuwa Januari. Ikafika Oktoba, simu kimya. Ndipo Revocatus, mshiriki mwenzake anayelinda geti la hoteli moja mjini, akamwambia watafiti walikuwa humo siku mbili, wakiwasomea wageni wa mkutano matokeo ya utafiti.

Kesho yake asubuhi Privatus aliingia ofisini kwao na ovaroli ya kazi.

"Matokeo ni ya wataalamu, mzee," karani alisema bila kuinua macho. "Hata ukiyaona hutayaelewa."

"Mapafu ni ya nani?"

"Mzee, tafadhali..."

"Nimekuuliza, mapafu ni ya nani? Mliponipa karatasi nisaini, nilielewa. Leo ndiyo nimekuwa mjinga?"

Milango ikaanza kufunguka. Daktari Kokulinda, mmoja wa watafiti, alitoka mbio.

"Shikamoo, baba."

"Sitaki shikamoo. Nataka majibu."

Alimwingiza chumbani kwake, akafungua faili. "Kwenye mapafu kuna chembe zinazokula vijidudu, kama walinzi. Zako zilikuwa dhaifu ulipoacha sigara. Tulitegemea zipate nguvu. Mpaka kipimo cha tatu, hazikupata."

"Ni huu mvuke?"

"Kwako peke yako siwezi kuapa. Lakini wenzako wengi wanaovuta mvuke wako hivyo hivyo. Walioacha kabisa wana nafuu."

"Mlijua lini?"

Daktari alitazama mezani. "Machi."

"Machi! Agosti nimelazwa siku tisa na nimonia. Mke wangu alikuwa ananigeuza kitandani kama mtoto mchanga. Na nyinyi mnajua tangu Machi!"

"Tulisubiri kibali cha wakubwa, baba. Tumekosea."

Privatus alitoa mfukoni kile kidude chake cha kuvutia mvuke, akakibwaga juu ya faili. "Wangapi bado wanavuta?"

"Arobaini na wawili."

"Wapigie. Leo. Mimi nipo nje hapo."

Alikaa kwenye benchi la korido tangu saa nne mpaka saa kumi na moja jioni, bila kula, akisikiliza sauti ya daktari ikirudia maneno yale yale nyuma ya mlango. Karani alimletea chai. Hakuigusa.

Wiki tatu zilizofuata hakuna aliyeweza kukaa naye. Aligombana na Prudencia kwa sababu ya chumvi, akamfukuza mteja, akatetemeka mikono mpaka akaacha kuchomelea siku mbili. Lakini hakurudia mvuke, wala sigara.

Kuwasamehe, hajawasamehe. Ukimtajia Daktari Kokulinda atakwambia ni binti mwenye adabu. Kisha atakuuliza: "Agosti alikuwa wapi?"