Fundi wa Bel-Air Ndani ya Sanduku la Mashua

André Mwelwa alikuwa ametengeneza majeneza pale Bel-Air kwa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo ilimwachia tabia ambayo majirani hawakuipenda. Akikutazama, macho yake yalianzia utosini, yakashuka taratibu mpaka miguuni, kisha yakapanda tena kupima mabega. Hakukusudia ubaya wowote. Lakini watu wa mtaa wake wakimwona anawatazama hivyo walikaza mwendo, kama wanaotaka kuonyesha kwamba ni wazima. Mkewe Julienne alikuwa amemkataza kabisa kumtazama mtu kanisani.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nyingi, alifikiwa na Guelord, mlinzi wa nyumba moja kubwa kule mtaa wa Golf. Mwelwa alimkumbuka. Mwaka uliopita alimtengenezea sanduku la baba yake mkubwa, aliyezikwa chini ya mvua ya mawe. Guelord hakusahau kwamba siku ile walilowa wote, padri, kwaya na wafiwa, isipokuwa marehemu peke yake.

"Papa Mwelwa," alisema, "Mama Annie anakuita ku Golf. Ni juu ya sanduku. Anasema ukuye leo."

Mwelwa hakuuliza zaidi, kwa sababu katika kazi yake mambo ya sanduku hayaulizwi njiani. Alivaa koti jeusi, tai na kofia, akachukua futi na begi la vyombo, wakaondoka.

Mama Annie, mwenye nyumba ile, alikuwa mfamasia mstaafu, mjane wa miaka sitini na kitu, mwepesi wa kusema. Walimkuta uani amevaa kofia ya majani, anamenya chungwa. Mwelwa akavua kofia yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa. Mama Annie alimshukuru, akidhani ni mtu wa parokia. Ndipo Mwelwa akauliza, kwa upole, marehemu alikuwa mrefu kiasi gani.

"Marehemu gani?"

"Ule mwenye sanduku."

"Sanduku iko yangu," Mama Annie alisema.

Mwelwa alimtazama kutoka utosini mpaka miguuni. "Mama, weye ungali muzima," alisema. "Kazi hii haina mbio."

Ikabidi Guelord aeleze kwamba yeye ndiye aliyemsifu kwa mama kuwa masanduku yake hayaingii maji, jambo ambalo angeweza kulifanya tangu Bel-Air. Alimwongoza fundi mpaka chini ya kibanda cha gari. Pale, juu ya remorki ya kuvutwa na gari, ilikaa mashua ndogo nyeupe ya tanga, yapata mita tano, mlingoti wake umelazwa juu. Mama Annie aliinunua kwa daktari mmoja aliyehama mji, akajifunza kuiendesha katika ziwa la Kipopo akiwa na miaka hamsini na tisa, watoto wake wakisema amerukwa na akili. Nyuma ya mashua, mahali pa mshika usukani, palikuwa na mabenchi mawili. Ndani ya benchi la kulia mlikuwa na sanduku refu la kutunzia kamba, nanga na makoti ya kuelea, na kiti chenyewe ndicho kilikuwa kifuniko. Hilo ndilo lililokuwa gonjwa.

Bawaba zake mbili zililegea, hivyo kifuniko kilikaa upande. Kikifunguliwa hapakuwa na kitu cha kukizuia kisianguke, na Mama Annie alionyesha vidole viwili vyenye kucha nyeusi kuwa ushahidi. Kitasa kilijifunga chenyewe kilipotaka na kukataa kilipoombwa. Tena maji yaliingia, na kila Jumapili makoti yalitoka mle yakinuka kama chura.

Mwelwa hakuwahi kupanda mashua maishani mwake, wala hakujua kuogelea. Lakini hii ilikuwa juu ya simenti. Alitundika koti lake penye nguzo, simu ikiwa mfukoni mwa koti, akavua viatu, akapanda. Baada ya kupapasa huku na huku alisema maji yanapita kwenye ukingo wa kifuniko, kwa kuwa mpira wake umekauka na kupasuka. Mama Annie alisema sivyo, yanapita kwa ubavu wa benchi. Walibishana kwa heshima mpaka Mwelwa akaona njia moja tu ya kumaliza maneno: yeye aingie ndani, mama amfunike na kumwaga maji juu, naye ataona kwa macho yake yanapita wapi.

"Utaenea?" Mama Annie aliuliza.

Mwelwa hakuhitaji futi. Alijibu kwamba mtu wa urefu wake ataenea akikunja magoti, na kila upande wa mabega vitabaki vidole vitatu.

Walitoa kamba, nanga na makoti, akaingia, na kazi ikaanza vizuri. Mama Annie alimwaga maji kwa bomba la bustani, na kutoka chini sauti ya fundi iliita, "Hapa. Na hapa." Kisha maji yakakatika. Mama Annie akaegemea kifuniko ili ashuke kwenda kuangalia robine ya maji nyuma ya nyumba, na kitasa kikasema ka. Miaka yote hakikuwahi kufunga vizuri namna ile. Mwenyewe hakusikia. Huko nyuma alikuta bomba limechomoka na maji yanapanda ukutani kuelekea dirisha la jikoni, akashughulika nayo robo saa nzima.

Wakati huo Guelord alikuwa getini akimfungulia Mama Kalaba, kiongozi wa kwaya, aliyeleta vitenge vya sikukuu ya parokia. Mama Kalaba alitoka Bel-Air, na Mwelwa alimjua vizuri sana, hata kwa sauti. Mwelwa ndiye aliyemtengenezea marehemu mumewe sanduku. Mama Kalaba alitangulia mpaka penye kibanda. Akaona koti jeusi limetundikwa, kofia juu yake, na viatu viwili vimepangwa sawasawa chini. Akasikia mtu anabisha, mara tatu, kwa adabu.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni miye, Mwelwa," ilisema sauti ndani ya sanduku. "Mama Kalaba, nifungulie. Usiogope."

Hilo neno usiogope ndilo lililomwogopesha. Aliweka vitenge chini, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kuwaombea marehemu kwa sauti kubwa huku akirudi kinyumenyume. Guelord alikuja mbio, akavuta kitasa kwa nguvu zake zote, nacho kikabaki mkononi mwake.

Baadaye Mwelwa alikiri kwa mkewe kwamba dakika za kwanza jasho lilimtoka. Miaka thelathini na moja alikuwa amefunga vifuniko, wala hakuwahi kuvifikiria kutoka upande ule. Kisha macho yalizoea giza, akaanza kuona. Mwanga ulipenya kwenye ukingo wa kifuniko, palepale aliposema yeye. Lakini ulipenya pia ubavuni, katika matundu matatu ya skrubu za zamani, palepale aliposema Mama Annie. Tena mfereji mdogo wa kupitisha maji nje ulikuwa umezibwa na udongo, kwa sababu nyigu alijenga mle nyumba yake. Mwelwa alitoa penseli nyuma ya sikio, akaweka alama kila mahali. Alipomaliza alama ya mwisho ndipo akatambua kwamba nati za bawaba zilikuwa mbele ya pua yake, na ufunguo wa kuzifungulia ulikuwa mfukoni mwa suruali.

Mama Annie aliporudi, amelowa mpaka magotini, alikuta kifuniko kinainuka polepole kwa upande wa bawaba, ule usiofunguka, na chini yake kichwa cha fundi. Maombi ya Mama Kalaba yalikatika katikati.

"Mama Annie," alisema Mwelwa, "weye ulisema kweli. Na miye nilisema kweli."

Matengenezo yenyewe yalichukua siku mbili. Matundu ya ubavuni na ya bawaba aliyajaza vijiti vya mbao na gundi, na kesho yake akafunga bawaba kwa skrubu mpya zisizoshika kutu. Nyumba ya nyigu aliisukuma nje kwa spoki ya baiskeli. Mpira mpya aliukata kutoka mlango wa friji iliyokufa, ambayo Guelord aliikumbuka nyuma ya jiko. Alifunga kamba fupi ya kushikilia kifuniko kikiwa wazi. Mahali pa kitasa aliweka kigingi cha mti mgumu kinachozunguka, chenye mkono wa kukishikia nje na mwingine ndani. Mama Annie aliuliza ni nani atakayefungua kutoka ndani. Mwelwa alimjibu kwamba mtu mwingine anaweza kuuliza swali hilo, si yeye.

Kufikia Alhamisi Bel-Air yote ilikuwa na habari, na habari ilikuwa imenenepa. Wengine walisema Mwelwa alikufa kule Golf saa nne, akafufuka saa nne na nusu kwa sababu vipimo havikuwa sawa. Wazee wawili ambao siku zote walimkwepa walikuja kumsalimu na kumshika mkono muda mrefu, wakipapasa kuona kama mkono una joto. Julienne aliuliza jambo moja tu: alipovua viatu mbele ya watu, alikuwa amevaa soksi zipi? Mwelwa aliposema zile za kahawia, alikwenda kutafuta sindano na uzi.

Jumapili Mama Annie aliwapeleka Mwelwa na mkewe Kipopo. Julienne alibaki ufukweni na rozari yake. Mwelwa alivaa koti la kuelea, akaketi juu ya kifuniko alichokitengeneza, mikono miwili imeshika ukingo wa mashua. Upepo ulikuwa mwema. Kila mara mashua ilipolala upande, maji yaliruka na kumwagika kwenye benchi, naye alifumba macho. Katikati ya ziwa Mama Annie alimwomba asimame kidogo. Akazungusha kigingi, akafungua, kamba ikashika. Akaingiza mkono mpaka chini, akautoa, akamwonyesha kiganja. Kilikuwa kikavu. Akafunga, akafungua tena, kwa raha tu.

Mwelwa aliinama kutazama. Alisimulia baadaye kwamba katika kazi yake hakuna mteja aliyewahi kurudi kumwambia kama kifuniko kinafunga vizuri.

"Mama, fungua tena," alisema.

Mama Annie akafungua. Safari hii alitoa mkate uliofungwa katika karatasi, nao ulikuwa mkavu kama ulivyotoka dukani. Waliula wote palepale, na walipomaliza upepo nao ukakoma. Mashua ilisimama kimya. Ilibidi wapige makasia saa nzima na zaidi kurudi, Mwelwa akivuta kasia upande wake kwa nguvu nyingi na ujuzi kidogo, hivyo wakazunguka sana. Julienne, aliyekuwa akiwahesabu vichwa kutoka mbali, alikuwa tayari ameingia majini mpaka magotini na viatu vyake vya kanisani.

Alimuuliza mumewe kama aliogopa. Mwelwa alisema ndiyo, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba Mama Annie amewaalika tena Jumapili ijayo, naye amekubali.