Mashine Moja Iliyobebeshwa Zahanati Nzima

Jumatatu, kwenye zahanati moja ya Igoma, mwanangu akiwaka homa mgongoni mwangu, karani alitikisa kichwa. "Mama, mtandao unasumbua. Bila namba ya kadi, daktari hamwoni mtoto."

Fundi wa kompyuta, dada aliyejifunga khanga juu ya suruali, aliinama kwenye skrini. "Kaka, mtandao hauna kosa. Mashine za kutunza kumbukumbu ziko tatu. Mbili zimelala, moja imeelemewa. Mbona kila namba inaanza na tarehe?"

"Tangu enzi za daftari tunaanza na tarehe!" karani alijibu, kifua mbele.

"Ndiyo maana. Kadi hugawiwa mashine kwa tarakimu za mwanzo za namba yake. Wagonjwa wote wa leo umewarundika kwenye mashine moja."

Akaipeleka tarehe mwisho, mwanzoni akaweka tarakimu za mwisho za simu ya mgonjwa au mzazi, ambazo hutofautiana. Mashine zote tatu zikashika kazi, kadi zikaanza kutoka mfululizo. Foleni nzima ikapiga vigelegele, na mwanangu akawa wa kwanza kuingia kwa daktari.

Nyumbani kwangu kila ombi huanza na "Mama". Jioni hiyo nilitangaza kwamba anayetafuta soksi aanze na "Baba". Nilikunywa chai ingali moto.