Njia Iliyoliwa na Kuta Mbili

Mwaka njia ile ilipozibwa ulikuwa elfu mbili na kumi na saba. La, siyo, ulikuwa kumi na nane, maana kumi na saba Recheli alikuwa hai bado, na ni yeye aliyempa mbwa wao jina. Alimwita Hayawahusu, ili kila akimwita kwa sauti, majirani wenye midomo wapate ujumbe wao. Ndivyo watu wanavyojibizana kwetu bila kushikana mashati.

Recheli alipokufa, mumewe Zablon, mstaafu wa reli, alibaki na nyumba ya vyumba viwili na yule mbwa. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Jioni alichukua fimbo, akasema, "Haya, mama kalala, twende sisi," wakashika njia ya miguu iliyopita kati ya kiwanja cha Wilbroad na cha Aftab, muuza vitambaa, mpaka uwandani karibu na reli. Huko mbwa alikimbiza kwale asiowapata, na Zablon alirudi akiwa mtu tena.

Njia yenyewe haikuwa na mwenyewe. Zamani waliopakana walipopanda ua wa minyaa, kila mmoja alirudi nyuma hatua moja, watu wapite katikati. Hakuna aliyeandika, minyaa ndiyo iliyokumbuka. Wapimaji walipokuja kurasimisha mtaa, minyaa iling'olewa, mawe ya mipaka yakasimikwa katikati ya njia. Wilbroad akajenga ukuta hadi penye jiwe, akiamini Aftab ndiye aliyeacha nafasi ya njia. Aftab naye akajenga, akiamini Wilbroad ndiye aliyeiacha. Kuta zikakutana mgongo kwa mgongo, hata mjusi hapiti.

Zablon alisimama pale, mbwa akinusa tofali na kumtazama.

"Shikamoo mzee," Wilbroad alisema. "Mimi nimejenga penye jiwe langu. Muulize Aftab."

"Wallahi mzee wangu, sijala hata unyayo," Aftab alisema. "Muulize Wilbroad. Ila huyo mbwa wako naye, kila akiitwa naona nimetukanwa mimi!"

Zablon alicheka kidogo. Ndicho kicheko chake cha mwisho ambacho majirani wanakikumbuka.

Ikabaki barabara kubwa: lami, mtaro wenye kina cha kaburi, na malori ya tumbaku. Pembeni hapakuachwa pa kukanyagia. Lori moja lilipiga honi, Hayawahusu akarukia mtaroni, akavunjika mguu. Alipona akichechemea, lakini akifika ukingoni mwa lami alilala chini, asiende mbele. Akaanza kuzurura barazani kwa watu. Wakalalamika. Mtendaji wa mtaa akaja.

"Mzee, wenye kuta wanafuga ndani ya kuta zao. Wewe huna ukuta. Mfunge."

Zablon alimfunga kwenye mpera. Mbwa akazunguka shina mpaka ardhi ikawa kipara, akilia kama mtoto mwenye homa. Masika moja Zablon alivumilia. Ya pili ilimshinda. Akamwita mpwa wake Mhoja, mkulima wa tumbaku Urambo, aje amchukue mbwa.

"Kule kuna mapori, mjomba. Atakimbia mpaka achoke mwenyewe."

"Na chakula?"

"Ugali huu huu tunaokula. Au unadhani tutampa tumbaku avute?"

"Basi. Jina tu msimbadilishe. Kapewa na marehemu."

Mbwa akapandishwa kwenye pikapu. Zablon akakunja ile kamba, akaingia ndani. Tangu hapo hakutoka kutembea. Miguu ikavimba. Nesi akamwambia anyooshe miguu kila jioni. Akaitikia kwa adabu, akaendelea kukaa.

Mara moja tu alionekana, kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alipouliza nani ana neno, Zablon alijiinua kwa fimbo yake, Wilbroad kushoto kwake, Aftab mbele yake. Akauliza swali ambalo mpaka tunamzika hakuna aliyelijibu.

"Sina ugomvi na mtu. Kila mmoja wenu amejenga penye jiwe lake, nakubali. Sasa ile njia tuliyopita na Recheli, na mbwa, na watoto wenu wakienda shule, ilikuwa kwenye kiwanja cha nani?"