Fundi Mwenye Vipini Mdomoni

Fundi yule wa pikipiki ana kitambi kinachomtangulia kufika, na vidole vinene vinavyoshika kila kitu kama yai. Akibadilisha sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isiungue, hushindilia kamba ya kuanikia nguo kwenye tundu la plagi ili valvu zisidumbukie, kisha hukandamiza springi na kuchomoa vipini vidogo vinavyozifunga. Vipini hivyo haviweki chini, vitapotea mchangani. Huviweka chini ya ulimi, na hapo huwa bubu. Mwenye pikipiki, mama aliyeachiwa na mumewe chombo kinachofuka moshi kila asubuhi, alikwisha kuligundua hilo. Alivuta kigoda, akaanza habari za yule mwanaume. Ndugu zake humkatiza: "Dada, sahau." Fundi huyu aliitikia kwa nyusi tu. Alipofika pale mume alipoondoka na sufuria, mboga bado inachemka ndani, fundi alicheka, akashika koo, akatema vilivyobaki kiganjani.

"Nimemeza kimoja, mama. Ngoja nikatoe kingine kwenye injini ile mbovu."

"Katoe," alisema mama, akisogeza kigoda karibu. "Ukirudi uvirudishe mdomoni vyote. Sijafika kwenye talaka."