Siku ya Posa na Trela za Miwa

Daktari wa mjukuu wangu anaiita usonji. Aliponieleza dalili zake nilicheka mpaka akanishangaa, kwa sababu alikuwa akinisimulia mimi, nyanya mtu. Enzi zangu hapa Lurambi haikuwa na jina. Walisemanga tu, "Huyo msichana ana mambo yake."

Mambo yenyewe ni haya: kumtazama mtu machoni kunaniwasha mwili mzima, na nikipenda kitu, dunia iliyobaki nawaachia wenyewe.

Basi miaka ile miwa imenoga, kila boma linaezeka mabati, kijana mmoja wa Matete akanitaka. Nami nilimtaka, tena vibaya sana. Watu wake wakaja kuniangalia. Shangazi akanivuta sikio jikoni: "Ukiharibu leo, huyo umemkosa."

Nikaingia na jagi na beseni kuwanawisha wageni, nimepiga magoti, macho sakafuni. Kwetu msichana anayewakodolea wakwe macho hana adabu. Wakanisifu jamani! "Ona vile anaheshimu watu. Hata kope hainui." Shangazi akaitikia kwa maringo, eti ni yeye amenifunza. Nilibana kicheko hadi mbavu zikauma.

Nilikuwa nimefika kwa mama yake kijana, mikono yake imejaa sabuni, trekta ikanguruma barabarani ikivuta trela za miwa. Sikuaga mtu. Niliweka jagi chini nikatoka mbio, nikasimama kando ya barabara nikirukaruka na kupunga mikono, maana trela zile zikiyumba pamoja najisikia raha hadi kwenye meno.

Trekta ilipopotelea konani ndipo nikakumbuka wageni. Nikajua nimemkosa.

Kumbe mama yake alikuwa amenifuata. Alisimama ubavuni mwangu, povu likimdondoka viwikoni, na hakunigeukia. Alitazama barabara vile vile nilivyoitazama mimi.

"Kwani hizo trela zina nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Nikamweleza tena, mlio wake, mtikisiko wake, vile miwa ya juu inavyochezacheza, mpaka pumzi ikaniishia. Sikuwa nimewahi kuongea na mgeni namna hiyo. Alisikiliza yote.

"Kwetu zinapitanga karibu na jikoni," akasema. "Utakuwa unatuunguzia ugali, obusuma yetu, kila siku. Haya, twende unimalizie mikono."