Mzee Aliyeomba Moto Kando ya Barafu

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na akili zangu timamu. Tena tulikuwa watatu, na wale wawili wapo, wazima, ukiwauliza watakuapia. Mtu mmoja anaweza kuota, lakini watatu wataotaje ndoto moja wakiwa wamesimama?

Tunaishi Seven Hills, hapa Sydney, mimi na mume wangu Baba Neema na binti yetu. Kazi yangu ni kuwatunza wazee kwenye nyumba yao. Nawaogesha, nawalisha, na saa yao ikifika nawafumba macho na kuwanyoosha mikono. Usishtuke, kazi ni kazi, na mimi hii naipenda. Baba Neema yeye anaendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja kule Smithfield. Kazaliwa kisiwa cha Ukerewe, maji kila upande, na ukimsikiliza anavyojisifu utadhani Ziwa Victoria lilichimbwa na babu yake.

Rafiki yake ni Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira, mpole, anayeimba kwaya kanisani. Wako ghala moja, ila yeye yuko upande wa vyumba vya baridi. Siku nzima kavaa koti nene kama godoro, anapanga maboksi ya samaki walioganda. Basi yeye naye kwa barafu humwambii kitu.

Unaona mambo yanavyojipanga? Mmoja analijua ziwa, mwingine anaijua barafu. Wikiendi moja wakaona kwenye simu Wazungu wa nchi za mbali za kaskazini wamekaa juu ya ziwa lililoganda, wametoboa tundu, wanavua samaki huku wamekalia ndoo. Wakatazamana. Nikajua tumekwisha.

Nilipinga, Mungu ni shahidi yangu. Nikamwambia mume wangu kwamba baridi ya milima ya huku si baridi ya huko kwenye simu. Akanijibu kwamba ziwa ni ziwa. Papa Furaha naye akaniambia kwa ule upole wake, shemeji usiogope, barafu mimi ndiyo inanilisha. Sikio la kufa halisikii dawa. Na nikuambie ukweli, na mimi nilikuwa natamani kuiona theluji, kwa hiyo sikupinga sana.

Basi Jumamosi moja ya Julai, mwezi wa baridi huku, tukamwacha Neema kwa Mama Furaha kule Cabramatta, tukaondoka alfajiri kuelekea milimani. Safari ilikuwa tamu. Nilikaanga maandazi, Papa Furaha akatuimbia nyimbo zote za kwaya yake, Baba Neema akawa anaharibu sauti ya pili. Nilikaa kiti cha nyuma nikijiambia kwamba mimi mtoto wa Tanga ninakwenda kuona theluji na watu ninaowapenda, ninataka nini tena?

Sasa sikiliza walichobeba. Mume wangu ana jiko la mkaa alilolitengeneza mwenyewe kwa ringi ya gari, kachomelea miguu mitatu. Zito, halibebwi na mtu mmoja. Wanapitisha nondo, huyu anashika huku, yule anashika kule. Mpango wao ulikuwa waliweke palepale kwenye barafu, kando ya tundu, ili wasigande, na samaki akitoka majini aingie motoni moja kwa moja. Nikauliza, moto juu ya barafu? Wakanicheka. Papa Furaha akasema kwao kazini sakafu yote ni barafu na foklifti inapita juu yake. Nikamwambia, Papa Furaha, chini ya barafu yenu pana zege! Akafikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli, kisha akaendelea kupakia mkaa.

Tulifika mchana, kwenye bwawa kubwa huko juu, mahali ambapo maji yanaingia kati ya vilima viwili. Ile sehemu yote ilikuwa nyeupe. Ukungu umekaa chini, hakuna upepo, hakuna mtu. Lakini theluji juu ya barafu haikuwa kavu. Ilikuwa majimaji kama uji, ukikanyaga inasema chwa, kiatu kinalowa. Mimi ile chwa sikuipenda. Papa Furaha akanitoa wasiwasi, kwamba mtu akisahau kufunga mlango wa chumba cha baridi, juu panalainika hivyohivyo, chini bado ni jiwe. Baba Neema akagonga kwa nondo pale ukingoni, ikalia ngumu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao.

Wakaenda na jiko lao hadi umbali wa nusu uwanja wa mpira. Wakaliweka, wakawasha mkaa, wakaanza kutoboa tundu kwa shoka. Mimi nikabaki ukingoni na chupa ya chai ya tangawizi. Kuogelea sijui, na usiniulize mtu wa Tanga hajui vipi kuogelea. Nawasikia wanacheka, naona moshi wa mkaa wetu unapanda kwenye ukungu, na moyo wangu umetulia kabisa. Niliwaza jinsi nitakavyomsimulia Neema, na yeye atanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake.

Nikageuka kumimina chai, nikakuta mtu kasimama pembeni yangu.

Sikumsikia akija. Kwenye theluji ile, ambako hata ndege akitua unamsikia! Alikuwa mzee wa Kizungu, ndevu nyeupe, sweta ya sufu ya zamani, na suruali imelowa hadi kiunoni, ule uji wa theluji umeganda juu yake vipande vipande. Mimi nikiona mzee mdomo unakwenda wenyewe. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu.

Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikaendelea kumimina chai! Nikampa kikombe, maana niliona kalowa. Vidole vyake vikagusa vyangu.

Hapo nisikilize vizuri. Mtu aliyepigwa na upepo mkono wake huwa baridi, lakini ndani yake kuna joto linarudi, unalisikia. Kuna baridi nyingine isiyorudi kitu. Hiyo naijua kwa kazi yangu. Nimeishika asubuhi nyingi, nikinyoosha mikono ya wazee wangu. Mkono wa yule mzee ulikuwa na baridi hiyo. Ndipo ile "marahaba" ikanirudia masikioni.

Chai hakunywa. Alikuwa anawatazama wale wawili. Akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayezungumza na jirani ukutani, "Naomba moto."

Nikapapasa kiberiti kwenye mfuko, nikampa. Akatikisa kichwa. Akaelekeza kidole kwenye jiko. Na kule mbali, niamini, Baba Neema akainua uso, sawasawa na mtu aliyesemeshwa sikioni. Akapaza sauti kumkaribisha mzee aje, moto upo.

Mzee akajibu kwa sauti ileile ndogo, "Huko siendi tena."

Ili uelewe kilichofuata, lazima umjue mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Kwake moto haukunyimwa mtu. Zamani jirani akizimikiwa na moto alikuja na kigae kuomba kaa, na unampa hata kama jana mligombana. Asipoweza kufika, unampelekea, na unaacha ulichokuwa unafanya, hata kama chungu kinafurika. Baba Neema kakua chini ya sheria hiyo, imemwingia kwenye damu. Akaacha ndoano palepale. Papa Furaha akalalamika kwamba wangechukua kaa moja tu. Kwa kitu gani? Koleo tulilisahau Seven Hills. Ikabidi walibebe jiko zima, nondo katikati, mmoja mbele mmoja nyuma, chwa, chwa, Papa Furaha ananung'unika kwa Kifaransa.

Walikuwa wamebakisha hatua chache kufika ukingoni niliposikia sauti kama kitenge kinachanwa. Nikatazama nyuma yao. Pale lilipokuwa jiko, barafu ilikuwa inashuka. Haikuruka wala kupasuka kwa kishindo. Ilizama taratibu, ndoo ikainama ikaenda, shoka likaenda, kisha pakabaki maji meusi tu. Na ufa ukaanza kuwafuata.

Nilipiga yowe. Sikumbuki nilisema nini. Ninachokumbuka ni wazo moja lililonijia, kwamba nitarudi Cabramatta na gari tupu, na Neema atatoka nje kumpokea baba yake. Nilikuwa na hofu ambayo siwezi hata kuieleza. Mguu wa Papa Furaha ukazama hadi gotini, akauchomoa, wakakimbia wote wawili na lile jiko kati yao, wakaangukia ukingoni kwa magoti. Kwa nini hawakuliachia, mpaka leo hawajui.

Baba Neema akageuka akayatazama yale maji. Kisha akamtazama mzee. Akaingiza vidole vya mkono wa kulia kwenye jiko haraka, kama wanawake wa kwao wanavyofanya jikoni, akatoa kaa jekundu, akaliweka kwenye kiganja cha mzee.

Mzee akafumba ngumi. Hapakuwa na harufu ya ngozi kuungua. Ulitoka mvuke tu kati ya vidole. Na uso wake, jamani, uso wake ukafunguka kama uso wa mzee wangu mmoja ninapomwingiza kwenye maji ya moto asubuhi ya baridi. Akaondoka kwa kufuata ukingo, akaingia kwenye miti. Tukatafuta nyayo zake, tukakuta zetu watatu tu. Kikombe nilikikuta kwenye theluji, chai yote imeganda ndani.

Kwenye gari hakuna aliyeimba. Baadaye Papa Furaha akauliza yule Mzungu alijifunza wapi Kifuliiru, lugha ya kwao, maana aliomba moto kama bibi yake kule Uvira alivyokuwa akiomba. Baba Neema akasema Kifuliiru gani, mzee kazungumza Kikerewe, tena cha zamani. Nikawaambia mimi kaniitikia marahaba.

Tulisimama kwenye mji mdogo chini ya mlima kununua soksi kavu. Mama muuza duka alipoona miguu yetu akatuuliza tulikuwa wapi. Nikamwambia. Akatueleza, bila ukali, kwamba barafu ya kule haikomai. Theluji inailalia kama blanketi, inazuia baridi kushuka, na ule uji ni maji yaliyopanda juu kupitia nyufa. Ukingoni ni ngumu ili ikuite, alisema. Nilipomweleza habari ya mzee mwenye sweta, akaacha kufuta meza. Akasema tu kwamba watu wa pale hawavui upande ule, akatuongezea jozi moja ya soksi bila kudai kitu.

Sasa utaniuliza mambo yaliishia wapi. Hayajaisha. Mkono wa kulia wa Baba Neema, ule uliotoa moto, haujapata joto tangu siku hiyo. Daktari kaupima, kasema damu inapita vizuri, hana la kusema zaidi. Januari Sydney inapochemka, lami inalainika, mkono wa mume wangu ni baridi. Yeye anafanya utani, ananiwekea shingoni nikiwa jikoni. Papa Furaha akija kututembelea anamwomba amshikie soda. Na siku hizi huyo Papa Furaha hakanyagi hata barafu iliyomwagika sokoni.

Lakini mwanzoni usiku nilikuwa ninalia. Baridi ile naijua, nilikuambia. Nilikuwa nikiushika mkono huo gizani nikidhani mume wangu ameanza kuondoka, kidogo kidogo. Mpaka usiku mmoja nikabana kidole changu kwenye kifundo chake, nikatulia, nikasikia mapigo yanagonga. Taratibu, yamejaa, ya mtu aliyeshiba ugali. Tangu hapo nalala nimeushika mkono ule na nina furaha, wala sikutanii.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, usije ukadanganywa na simu, wala na mtu anayejua ziwa, wala na anayejua barafu. Ukikanyaga ikasema chwa, rudi. Na mtu akikuomba moto, mpe, usimuulize ametoka wapi. Mimi nimebakiwa na mkono mmoja baridi, na kila usiku namshukuru Mungu kwa huo. Wenzangu wameletewa mtu aliye baridi mwili mzima.